Mnara wa Mbao Kamanga: Mhadhara juu ya Kujenga Kinachorekebishika

  

Nimeombwa nizungumzie namna ya kubuni mnara wa mbao wa kutazamia mandhari, mnara ambao utadumu bila kuyaharibu mazingira yanayotazamwa. Kamanga hakuna mnara wa aina hiyo leo. Basi tutaujenga kwa maneno na hesabu, hatua kwa hatua, ili siku mtakapoamua kuujenga kwa mikono muwe mmekwisha kubishana juu ya mambo ya msingi.

Hoja yangu naitanguliza ili msipate tabu ya kuitafuta. Watu wakisikia mnara ni wa mbao husema basi ni endelevu, kwa kuwa mti huota tena. Mimi nasema mti kuota hakutoshi. Mnara wa mbao ni endelevu pale tu tunapoweza kujibu swali hili: ubao mmoja ukioza mwaka wa kumi na mbili, nani ataubadilisha, kwa zana zipi, na kwa mti uliokua wapi? Asiye na jibu anajenga kuni za baadaye.

Kwa nini hapa, na urefu gani

Kamanga ni mahali pa kusubiri. Gari linasubiri kivuko, mama mwenye matenga ya sato anasubiri gari, na wote wanalitazama jiji ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza: miamba iliyobebana juu ya nyumba za milimani, Jiwe la Bismarck, Capri Point, na Kisiwa cha Saanane kilichofanywa bustani ya wanyama mwaka 1964 na kupandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Ukigeukia kaskazini, ghuba inafunguka kuingia katika ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Tangu Juni 19, 2025, lilipozinduliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, msafiri wa Sengerema na Geita ana njia nyingine isiyohitaji kusubiri chombo. Atakayeendelea kupita Kamanga atapita kwa hiari, na mtu wa hiari hupewa sababu.

Swali la kwanza la kila mtu ni: mnara uwe mrefu kiasi gani? Hapa hesabu inasaidia kuliko tamaa. Kwa kuwa dunia ni mviringo, umbali wa upeo wa macho juu ya maji, kwa kilomita, unakaribia 3.57 mara kipeuo cha pili cha kimo chako kwa mita. Tuseme mwamba tutakaoujengea uko mita 40 juu ya ziwa: aliyesimama juu yake anaona kilomita 22 na nusu hivi. Mjengee mnara wa mita 12 juu ya hapo, ataona karibu kilomita 26. Tumemwongezea kilomita 3 tu. Ukitaka aone mara mbili ya alivyoona mwanzo, umpandishe mara nne, yaani mita 160 juu ya maji. Hilo si jambo la kijiji.

Maana yake ni kwamba mwamba umekwisha kutufanyia kazi kubwa bure. Mnara hatuujengi ili kuona mbali zaidi. Tunaujenga ili kupita juu ya vilele vya miti, tuone pande zote bila kukata mti hata mmoja. Mita 12 zinatosha. Na tuutazame mwelekeo wa jua. Jiji liko mashariki yetu, kwa hiyo asubuhi mtazamaji anapigwa jua la macho, na alasiri jua likiwa mgongoni ndipo miamba ya Mwanza inapong'aa. Paa lirefushwe upande wa mashariki, na ngazi ziwekwe pale zitakapopata kivuli saa za alasiri, kwa maana ndizo saa za wageni wengi.

Dungu na Treetops

Asituambie mtu kwamba mnara wa mbao ni wazo la kigeni. Mkulima wa mpunga na mtama amejenga dungu tangu zamani: nguzo nne, jukwaa, kapaa kadogo, mtoto juu yake na kombeo mkononi akiwafukuza ndege. Dungu lina sifa ambazo wasanifu wa leo wanazisomea vyuoni. Linajengwa kwa miti ya jirani, lina kimo cha kazi yake tu, na mguu ukilegea baba anakata mwingine asubuhi hiyohiyo. Upungufu wake ni kwamba ni la msimu mmoja, nasi tunataka la vizazi.

Majirani zetu wa Kenya wana mfano unaojulikana duniani. Mwaka 1932, katika msitu wa Aberdare karibu na Nyeri, ulijengwa ukumbi mdogo wa mbao juu ya mti wa mugumo, ukaitwa Treetops. Wageni walilala humo wakitazama tembo na vifaru wakija kunywa maji usiku. Ndiko alikokuwa Elizabeth wa Uingereza Februari 1952, usiku baba yake alipofariki naye akawa malkia. Wapiganaji wa Mau Mau waliuchoma mwaka 1954, na mwaka 1957 ukajengwa mwingine mkubwa zaidi, juu ya nguzo.

Lakini lenye faida zaidi kwetu ni lililoupata msitu uliouzunguka. Ili wanyama waonekane, waliwekewa chumvi karibu na maji mbele ya jengo. Tembo wakaja, wakazoea, wakaivunja na kuila miti ya karibu mwaka hadi mwaka, mpaka eneo la mbele likawa tupu. Jengo la kutazama msitu likawa sababu ya msitu kurudi nyuma. Hapa Kamanga hatuna tembo, ila tuna miguu ya watu, pikipiki, na vibanda vya soda. Mnara usipowekewa njia moja ya kupandia na eneo moja la kuegeshea vyombo chini kabisa ya kilima, baada ya miaka michache tutakuwa tunatazama kipara tulichokifanya wenyewe. Pimbi watahama, pamoja na yule mjusi wa kichwa chekundu na mwili wa buluu anayeota jua maweni, ambaye jina lake la kisayansi, *Agama mwanzae*, limetokana na Mwanza hii.

Mti gani

Seremala akiulizwa ubao bora atasema mninga, na hakosei. Mninga hauchezi ukikauka, mchwa hawaupendi, na rangi yake ni pambo. Lakini mninga huchukua zaidi ya nusu karne kufikia unene wa kupasuliwa, na umevunwa kupita kiasi hata mwaka 2022 mataifa yalipokutana Panama kuhusu biashara ya viumbe walio hatarini yaliiweka miti ya jamii yake ya Afrika, pamoja na mikangazi na mikongo, katika orodha ya kuuzwa nje kwa kibali maalumu. Mnara mzima wa mninga ungepingana na sababu ya kuujenga. Tutautumia mahali pamoja, ambapo nitapataja.

Mwili wa mnara uwe wa msindano. Watu wa Mwanza tukitaja msindano mawazo yanakimbilia Sao Hill, Mufindi. Ni shamba kubwa na mbao zake ni nzuri, ila ziko kilomita zipatazo elfu moja kwa barabara. Mkoani kwetu kuna Shamba la Miti Buhindi, upande wetu huuhuu wa ghuba, na Rubya kule Ukerewe, yote ya Wakala wa Huduma za Misitu. Msindano huvunwa ukiwa na miaka 18 hadi 25. Shikeni tarakimu hiyo, tutairudia.

Kwa hesabu yangu ya awali, mnara wa mita 12 wenye jukwaa la mita 4 kwa 4, ngazi na paa utakula mbao zipatazo mita za ujazo 12. Zikikauka zitakuwa na uzito wa tani 6 hivi. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni iliyotolewa hewani na majani, na hiyo inabaki imefungwa muda wote ubao uko mzima. Ukioza au ukichomwa, inarudi ilikotoka. Hata kwa hesabu ya hewa, basi, tunarudi palepale: faida iko katika kudumu.

Adui watatu: maji, mchwa, jua

Ubao hauozi kwa uzee. Unaozeshwa na kuvu, na kuvu hawa hawafanyi kazi ubao ukiwa na unyevu chini ya asilimia 20. Kwa hiyo usanifu wa mnara wa mbao, ukiuondolea mapambo, ni kazi ya kuuliza kila mahali: maji yakifika hapa yatatokaje?

Nguzo isizikwe ardhini. Hilo ndilo kosa la kwanza la ujenzi wa haraka, maana mpaka wa udongo na hewa ndipo unyevu na hewa vinapokutana, na nguzo huoza hapohapo. Sisi tumebahatika kuwa na mwamba wa matale. Tutoboe mwamba, tuingize vyuma, tuvishindilie kwa saruji nyepesi isiyonywea, na juu yake tuweke kiatu cha chuma kinachoinua mguu wa nguzo sentimita 30 kutoka kwenye jiwe. Mchwa akitaka kupanda lazima ajenge njia yake ya udongo juu ya chuma, mchana kweupe, na mtunza mnara ataiona na kuifagia. Hiyo ni kinga isiyonunuliwa kiwandani.

Kichwa cha kila ubao, pale ulipokatwa, hunywa maji kuliko ubavu wake. Kifunikwe, au kikatwe mshazari ili maji yateleze. Mbao za sakafu ziachiane nafasi ya upana wa kidole. Paa litokeze nje vya kutosha, kwa kuwa mvua ya ziwa haishuki wima. Inakuja na upepo ikiwa imelala. Jua la nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta litageuza rangi ya ubao kuwa ya kijivu, na hilo halina madhara. Madhara ni nyufa zinazoshika maji, nazo hupungua ubao ukikaushwa vizuri kabla ya kuungwa.

Kuhusu dawa, niseme wazi. Msindano hunywa dawa vizuri ukitiwa kwa shinikizo, na dawa iliyozoeleka ni ile ya kijani yenye shaba, kromu na aseniki. Inafanya kazi. Lakini aseniki ni sumu, na Marekani waliiondoa kwenye mbao za matumizi ya nyumbani mwishoni mwa mwaka 2003. Kwa hiyo mbao zenye dawa hiyo ziwe za mifupa ya mnara, mahali mikono haifiki. Reli za kushika, ambazo mtoto atazishika kisha ale embe, ziwe za mninga au mtiki usio na dawa. Hapo ndipo mahali pa mninga. Na vipande vinavyobaki visiende jikoni hata kama kuni ni ghali; vihesabiwe na kurudishwa kwa mkandarasi.

Bolti tutakazotumia zipakwe zinki kwa kuchovywa. Katika hili tuna nafuu kuliko ndugu zetu wa Tanga na Zanzibar: maji ya ziwa hayana chumvi, na bolti ya Kamanga itaishi muda mrefu kuliko ya Pwani.

Upepo, watu na radi

Wengi huogopa mnara utaelemewa na uzito. Tuhesabu. Jukwaa la mita za mraba 16 husanifiwa kubeba kilo 500 kwa kila mita ya mraba, jumla tani 8. Hao ni kama watu mia moja waliobanana bega kwa bega, na ni wazito kuliko mnara wenyewe. Nguzo nne zilizofungwa vizuri zinaweza kuwabeba.

Hatari kubwa ni mnara ukiwa mtupu. Upepo wa kilomita 144 kwa saa husukuma kwa nguvu ya karibu kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Paa na mbao za mnara wetu zikiupa upepo mita za mraba 25, msukumo unafika tani 2 na nusu, tena juu, penye mkono mrefu wa kupindulia. Tani 6 za mbao, zikisimama juu ya kitako cha mita 5 kwa 5, haziwezi kuushinda msukumo huo kwa uzito peke yake. Mguu wa upande wa upepo utataka kunyanyuka. Ndiyo maana vile vyuma vya kwenye mwamba ni nanga kabla ya kuwa viatu, na ndiyo maana miguu ipanuliwe chini na kila uso wa mnara uwe na mishazari inayounda pembetatu. Mraba wa mbao nne hupinda. Pembetatu haipindi mpaka kitu kivunjike.

Ingawa mnara utabeba watu mia, kibao kiseme 20, na mtunza mnara awe na mamlaka ya kukataa wa 21. Sisi wa ziwa hili hatuhitaji kufundishwa kwa nini. Tulimzika nani na nani mwaka 1996 baada ya meli ya MV Bukoba kuzama, na Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye kibali cha abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 220. Chombo kinaweza kuwa kizima, na idadi ikakiua.

Radi nayo ina makao yake hapa. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Mnara juu ya mwamba ni mwaliko. Waya wa shaba lazima, lakini kuna mtego: matale makavu hayapitishi umeme vizuri, na ukiuishia waya kwenye jiwe umefanya kazi bure. Uteremshwe mpaka kwenye udongo wenye unyevu bondeni, hata kama ni mbali. Na wingu likianza kunguruma, mnara ufungwe. Usiku usiwashwe taa: zitawavuta visubi vya ziwani kwa mamilioni, buibui watawafuata, na asubuhi hakuna atakayetaka kupanda.

Kipande kwa kipande

Sasa nirudi kwenye hoja yangu. Fundi mtumbwi wa mwambao huu akipata ubao uliooza hatupi mtumbwi. Anautoa ubao ule, anachonga mwingine, anakalafati kwa pamba, kesho chombo kiko majini. Baada ya miaka kadhaa mtumbwi unaweza usiwe na ubao wake wa kwanza, na bado ni mtumbwi uleule, wenye jina lilelile ubavuni. Mnara wetu ufuate desturi hiyo tangu kwenye mchoro.

Kwa vitendo ni hivi. Nguzo isiwe gogo moja la mita 12, kwa sababu gogo hilo likioza tutahitaji winchi kutoka mjini. Iwe ya mbao nne za mbili kwa sita zilizosimama sambamba, zenye nafasi ya hewa katikati, zimekazwa kwa bolti na viungo vyake vimepishana, ili ubao mmoja ukitolewa mbao tatu zilizobaki zibebe mzigo kwa siku mbili tatu, mnara ukiwa umefungwa. Hakuna ubao utakaozidi futi 12, urefu unaouzwa katika kila duka la mbao Mwanza. Hakuna gundi, hakuna misumari kwenye viungo vikuu, na bolti ziwe za saizi mbili tu, ili spana mbili zitoshe kwa mnara mzima. Kila ubao uwe na namba iliyochomwa kwa chuma, na kuwe na daftari: namba fulani, uliwekwa lini, ulikaguliwa lini, na nani.

Mtauliza kama mbao zinaweza kudumu hivyo. Kule Gliwice, Poland, uko mnara wa redio wa mbao wenye mita 118, uliojengwa mwaka 1935, ukaungwa kwa bolti za shaba nyeupe kwa maelfu. Bado umesimama. Sasa linganisheni na Pyramidenkogel, Austria: mnara wa zege uliokamilika mwaka 1968 ulibomolewa mwaka 2012, na mwaka uliofuata ukafunguliwa wa mbao na chuma wenye mita 100. Zege halina njia rahisi ya kutoa kipande kibovu na kubakiza kizuri.

Tofauti yetu na Ulaya ni mchwa, mvua na bajeti. Ndiyo maana sitawashauri mbao za kugundishwa kiwandani, zile zinazojenga maghorofa huko. Ni nzuri, lakini moja ikiharibika tutaagiza kontena. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na ufa unaozibwa kwa kuagiza kutoka nje ya nchi hauzibwi.

Sheria, kijiji na msitu

Yapo mambo ya kisheria, niyapitie upesi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwezi Mei 2020 maji yalipanda kupita rekodi ya mwaka 1964, na waliojenga ufukweni wanajua sheria ile ilikuwa na akili. Uchunguzi wa athari kwa mazingira upitie mamlaka ya taifa inayosimamia mazingira, na michoro isainiwe na mhandisi aliyesajiliwa. Hesabu zangu za jioni hii ni za kujadiliana tu. Mbao ziwe na nyundo ya serikali na hati ya kusafirishia. Ardhi iamuliwe na mkutano mkuu wa kijiji, na wazee waulizwe mapema mwamba upi ni wa matambiko, kwa sababu huo hautobolewi.

La mwisho ndilo kubwa. Nchi ya Wasukuma iliwahi kufyekwa kwa amri: kuua mbung'o, kupanua pamba. Matokeo yake Shinyanga ilikaribia kuwa jangwa, hata mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa kuhifadhi ardhi ulioitwa HASHI. Uliponya ardhi kwa kurudi kwenye desturi ya ngitili, ile ya kutenga malisho na miti ikapumzika, na mamia ya maelfu ya hekta yakarudi kuwa kijani. Wataalamu walikuja, lakini walinzi walikuwa sungusungu na wenye ng'ombe wao.

Napendekeza mnara wa Kamanga uwe na ngitili yake. Kuzunguka mwamba, miti ya asili iachwe irudi. Pembeni, kijiji kipande ekari chache za misindano na mitiki kwa jina la mnara. Nilisema msindano huvunwa kwa miaka 18 hadi 25. Mbao za nje za mnara, tukizitunza, zitaanza kuhitaji wenzao wakati kama huohuo. Mti ukipandwa mwaka uleule nguzo inaposimamishwa, utakuwa tayari ubao unapochoka. Ukipandwa siku ubao umeoza, mnara utasubiri miaka 20 na hautasubiri ukiwa umesimama.

Kwa hiyo, mkikaa kuandika bajeti, mistari mitatu isikatwe hata fedha zikipungua: mshahara wa mtunza mnara, akiba ya mbao na bolti inayotokana na viingilio, na miche. Punguzeni urefu, punguzeni mapambo, lifanyeni paa kuwa la kawaida. Mistari hiyo mitatu ikikosa fedha, ushauri wangu ni kwamba msijenge. Panueni njia ya kupanda mwamba, wekeni benchi juu yake, na wageni bado wataona kilomita zao 22.

 Sasa ni zamu ya mafundi mitumbwi kunikosoa.